Keja Lilipopata Mwenyewe

Kosa lilikuwa la Laban. Mwenyewe ndiye aliyetaka hadithi ianzie hapo, isianzie kwa jini wala kwa injini, kwa sababu watu wakishasikia jini hukimbilia kumhurumia mtu kabla hawajajua alichokifanya. Basi na ijulikane tangu mwanzo. Laban alikuwa na hasira za karibu, na siku moja, kwa hasira, alimtoa mtoto wake. Hakumtoa kwa mkono. Alimtoa kwa mdomo.

Alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa mtaa wa Umoja, kando ya Outer Ring Road, kiwanja kitupu chenye udongo mweusi kwa oili iliyomwagika miaka nenda miaka rudi. Kwa imani alikuwa mtu wa Roho, wale wa kanzu nyeupe na ngoma, na kanisa lao la mabati lilikuwa mtaa wa Jericho, nyuma ya soko. Kila Ijumaa kanisa hilo hufanya toba. Mtu husimama mbele ya wenzake akasema dhambi zake kwa sauti, watu wakaitikia, ngoma ikapigwa, akaketi amekuwa mwepesi. Laban alikuwa hodari wa toba kuliko wote. "Nilimtukana mteja." "Nilimrushia Willis spana." "Nilipiga teke sufuria ya mke wangu, Mama Marion, na mboga ndani." Alilia kwa kweli, akasamehewa kwa kweli, na kesho yake akaanza upya. Mchungaji wao, Mama Ayuma, alishawahi kumwambia, "Laban, wewe unatubu kama mtu anayepiga mswaki."

Sasa, Keja. Keja lilikuwa lori dogo kuukuu lililowahi kubeba mikate. Laban alilinunua likiwa mifupa, akaligeuza nyumba: kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, madirisha huku na huku. Kageha mkewe alishona mapazia na mifuko ya magodoro, kisha akaiuza cherehani ile ile ili vioo vya madirisha vipatikane. Nia yao ilikuwa kuzunguka kwenye mikutano ya injili wakilala humo humo na binti yao Marion, ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kung'oka. Vijana wa mtaa ndio waliolibatiza lori hilo Keja, yaani nyumba kwa lugha yao, na jina likashika.

Keja lilikuwa na kasoro moja tu. Lilichemsha. Ukiliendesha mwendo mfupi, mshale wa joto unapanda, moshi wa maji unafuka, na unasimama kando ya barabara ukitazamwa. Na fundi ambaye gari lake mwenyewe linachemsha ni kama kinyozi mwenye chawa. Watu hawamwachi.

Siku yenyewe walikuwa wakielekea mkutano wa injili Machakos. Hawakufika mbali. Karibu na Tassia msongamano uliwashika, na Laban akauona mshale ukipanda, ukipanda, hadi ukalala kwenye alama nyekundu. Akavuta pembeni. Moshi mweupe ukatoka chini ya viti.

"Si ulisema umetengeneza?" Kageha aliuliza.

"Nimetengeneza."

"Basi huo moshi ni wa Roho Mtakatifu?"

Kageha akachukua mtungi, akateremka kwenda kuomba maji kwenye maghorofa ya Tassia, huku akisema, "Usimwamshe Marion. Amelala tu sasa hivi." Mtoto alikuwa nyuma, kitandani, pazia limevutwa.

Jua lilikuwa la utosi. Laban akaikunja kebini mbele, injini ikabaki wazi, ikitetema kwa joto. Makondakta wa magari yaliyokuwa yakipita wakaanza.

"Fundi! Weka majani!"

"Na tangawizi kidogo!"

"Wee mzee, hiyo si gari, hiyo ni birika! Tutumie kikombe!"

Watu walicheka ndani ya magari. Laban alijifunga kitambaa mkononi akazungusha kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, jambo ambalo yeye mwenyewe humfukuza mwanafunzi gereji akilifanya. Maji yaliyochemka yaliruka, yakambabua mkono hadi kwenye kiwiko. Hapo ndipo moyo wake ulipofurika. Aliirusha spana kubwa lamini, akalipiga gari teke, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama:

"Nimechoka! Nimechoka nawe, takataka! Kama kuna mtu anaitaka hii gari, achukue! Achukue na kila kitu kiko ndani! Mimi sitaki kuiona tena!"

Kelele za barabara zikakatika. Magari yalikuwa bado yanapita, midomo ya makondakta ilikuwa bado inafunguka na kufumba, lakini Laban hakusikia kitu, kama mtu aliyezama kwenye pipa la maji. Kisha chini, pale injini ilipo, sauti ikasema:

"Nimepokea."

Ilisemwa kwa adabu, kama mtu anayepokea kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Kelele zikarudi zote kwa mkupuo. Laban alitazama chini ya gari. Hakukuwa na mtu. Alitazama injini. Moshi ulikuwa umekatika, na alipoigusa kwa kidole ilikuwa baridi. Si vuguvugu. Baridi, kama jiwe la msituni.

Kageha alirudi na mtungi. "Imepoa haraka hivyo?"

"Imepoa."

"Mbona unatetemeka? Ni huo mkono?"

"Ni mkono," Laban alisema. Hilo ndilo lilikuwa kosa la pili, na pengine ndilo kubwa.

Alimimina maji kwenye rejeta. Mtungi wote ukaingia. Kageha akaenda kuomba mwingine, nao ukaingia, na bado kiasi hakikuonekana. Chini hakukudondoka hata tone. Kutoka ndani ya shingo ya rejeta ikaja harufu, hafifu kwanza, ya nywele zilizoguswa na moto.

Wakageuza safari. Nyumbani, Umoja, Kageha alipomwinua Marion kutoka kitandani alishtuka, kwa maana mwili wa mtoto ulikuwa unawaka. Alimweka kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, na kitambaa kikakauka akikitazama.

"Baba," Marion alisema, macho hayajafunguka, "mwenye gari ameniuliza jina langu."

"Mwenye gari ni mimi, mama."

"Si wewe. Yule wa chini."

"Ukamwambia?"

"Amesema analijua. Ni vile tu anataka kunisikia nikilisema."

Kageha aliwatazama wote wawili. "Ni homa," alisema kwa sauti ndogo. "Anaota. Baba Marion, sema ni homa."

"Ni homa," Laban akasema.

Kliniki walipima malaria, wakapima tumbo, wakapima damu, hawakuona kitu. Dawa ya homa ilikuwa ikimsaidia asubuhi, ikimsaidia jioni, lakini jua likifika utosini mtoto alikuwa akiwaka kama bati.

Laban hakutaka kufikiri. Alichotaka ni kufungua nati. Alijiambia kwamba gari ni chuma na chuma hakina siri, na kwamba akilitengeneza Keja likaacha kuchemsha, basi hata huyu mtoto atapoa. Hakujiuliza kwa nini aliamini hivyo. Alilivamia lile lori kama mtu anayepigana. Alitoa mshipi wa feni akafunga mpya. Akatoa pampu ya maji, akaifungua, akaikuta nzima, akaitupa hata hivyo. Mipira ya maji aliibadilisha yote, na alipokuwa akiikaza alikuwa akiitukana kila mmoja kivyake.

Willis, fundi mwenzake wa kiwanja hicho, alikuja akichokonoa meno kwa kijiti. "Niaje, mkubwa. Birika bado?"

"Willis, leo usinianze."

"Si nakusaidia tu, brathe. Toa thamostati. Gari za huku hazitaki hiyo kitu."

Thamostati ni ule mlango mdogo ndani ya injini unaoyafungulia maji njia injini ikishapata moto. Mafundi wengi wa mitaa hii ya Eastlands gari likichemsha hukitoa kidude hicho wakakitupa kwenye majani, maji yapite muda wote, na gari likapoa hata likakataa kupata joto. Laban akakitoa. Keja likawashwa. Likachemsha kuliko jana.

"Basi ni gasketi ya hedi," Willis alisema, na sasa kijiti alikuwa amekitoa mdomoni. Walipima. Gasketi hiyo ya kichwa cha injini ikiwa imeungua, maji hukutana na oili, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Oili ilikuwa safi. Walitazama ndani ya shingo ya rejeta kuona kama kuna mapovu. Hapakuwa na povu hata moja. Hapakuwa na maji pia, ingawa walikuwa wameyajaza wakiwa wamesimama hapo hapo.

Willis aliinama akatazama chini. Udongo ulikuwa mkavu. Alinyooka polepole, akasema kwa sauti ambayo Laban hakuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na mzaha, "Laban. Maji yanaenda wapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Na hii harufu?"

"Harufu gani?"

"Wacha, bwana. Unaisikia."

Kesho yake Laban alitoa betri, akaiweka mbali, juu ya tairi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akaketi kwenye kiti cha dereva akatazama dashibodi iliyokufa. Jua lilipofika utosini mshale wa joto ulicheza, kama sikio la ng'ombe likifukuza nzi, kisha ukaanza kupanda. Hakukuwa na umeme wa kuupandisha. Injini haikuwa imewashwa tangu jana. Ukapanda tu, taratibu, bila haraka, kama kitu chenye siku nzima ya kufanya kazi hiyo.

Alimpigia Kageha simu. "Marion yuko aje?"

"Amewaka tena, sasa hivi tu." Kisha akauliza, "Baba Marion, umejuaje?"

Alikata simu.

Ijumaa walikwenda kwenye toba, mtoto akiwa mgongoni mwa mamaye. Laban alisimama. Alisema, "Nililaani gari langu." Watu wakaitikia. Alisema, "Nilimjibu mke wangu vibaya." Wakaitikia tena, na mpiga ngoma akainua mkono, lakini Mama Ayuma akamzuia.

"Umemaliza?" alimuuliza Laban.

"Nimemaliza."

"Hakuna kilichobaki?"

Laban alimtazama Kageha, akaona jinsi alivyomfunga mtoto kwa kanga yenye maji, akaogopa macho yake kuliko alivyomwogopa Mungu. "Hakuna," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe akaketi akiwa mzito kuliko alivyosimama.

Hasira ndiyo iliyompeleka gereji siku iliyofuata. Alikuwa amejikasirikia yeye, lakini mtu mwenye hasira za karibu hajui kujikasirikia, lazima atafute cha kupiga. Akafungua koki ya chini ya rejeta akayamwaga maji yote, yale ambayo kwa juu hayakuwa yameonekana. Yalitoka yakiwa na utelezi, yakinuka nywele zilizoungua, na Willis aliposikia harufu hiyo alisogea hadi ng'ambo ya barabara akasimama huko. Laban hakusogea. Aliyamwaga hadi tone la mwisho, akapuliza mipira kwa mdomo kuhakikisha ni mitupu, kisha akainama juu ya injini kavu akaitolea maneno.

"Haya! Sasa utachemsha nini? Sema! Utachemsha nini?"

Jua lilikuwa utosini. Kivuli chake kilikuwa kimejikunja chini ya viatu. Na katika ile injini isiyo na tone la maji, iliyolala baridi bila betri wala moto, kukaanza kusikika mlio mdogo, ti, ti, ti, kama chuma kinachopanuka, kisha mvumo, kisha ule mchemko ambao kila mtu aliyewahi kungoja maji ya ugali anaujua, bubujiko zito linalogonga kifuniko, na likaongezeka na kuongezeka mpaka kebini ikatikisika na mapazia ya Kageha yakapepea ndani ya madirisha yaliyofungwa, na katikati ya bubujiko hilo maneno yakaanza kujipanga, kwanza kama mapovu, halafu kama sauti, ile ile yenye adabu, ikimjibu swali lake kama mgeni anayemjibu mwenye nyumba:

"Yule mtoto ana maji mengi."

Laban alikimbia. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili, na alikimbia akipitia uchochoro wa nyuma, akigonga kamba za nguo na mitungi ya watu, akiita jina la Yesu na jina la Marion bila kujua lipi anataja, mpaka akafika mlangoni akamkuta Kageha ametoka nje, kichwa wazi, kanga mkononi.

"Marion yuko wapi?" waliulizana kwa pamoja.

"Alikuwa amelala!" Kageha alisema. "Niligeuka tu kufinya kitambaa. Midomo imempasuka, Baba Marion, analia na hakuna machozi yanayotoka! Nikageuka hivi, nikarudi, kitanda kitupu!"

Walirudi gereji kwa njia ya barabarani. Mama Ayuma, ambaye Kageha alikuwa amemwita tangu asubuhi, alikuwa ndiyo anateremka kwenye pikipiki akiwa na kanzu yake na ngoma ndogo ubavuni. Willis alikuwa bado ng'ambo, ameshika kichwa.

"Ameingia!" alipaza sauti. "Ametembea peke yake, hana viatu. Mlango ukamfungukia, wallahi nimeona, ukamfungukia ukajifunga!"

Ndani ya Keja vioo vilikuwa vimefunikwa na mvuke. Kiganja kidogo kikajibandika kwenye kioo, kikateleza chini, kikaacha mfereji.

Kageha alikamata komeo la mlango. Nyama ya kiganja chake ilichacharika kama kitunguu kwenye mafuta, naye hakuachilia mpaka Mama Ayuma alipomvuta. Laban alipiga dirisha kwa nyundo. Nyundo ikadunda. Akapiga tena na tena akilia. Kioo kilichopatikana kwa cherehani hakikupata hata ufa.

Mama Ayuma alipiga ngoma. Aliomba kwa Kimaragoli na kwa Kiswahili, akaamuru, akakemea. Mvuke ukazidi. Kisha akanyamaza ghafla, akageuka kwa Laban, uso wake umejaa ghadhabu.

"Hiki kitu hakikuvunja mlango," alisema. "Kimekaa kama mtu aliyekaribishwa. Nani alikipa nafasi? Laban! Ijumaa ulibakisha nini tumboni?"

"Mama Mchungaji..."

"Mtoto anaiva humo ndani! Ulibakisha nini?"

Laban alipiga magoti kwenye udongo mweusi. "Nilisema anayeitaka achukue. Achukue na kila kitu kiko ndani. Na Marion alikuwa ndani. Na kitu kikasema kimepokea, nikasikia, nikanyamaza."

Kageha alimtazama. Hakupiga kelele. "Ulisikia," alisema.

"Nilisikia."

"Nikakuuliza. Na kliniki nimekwenda nimerudi, mtoto akidungwa. Na ulikuwa unajua."

"Mama Marion, nisa..."

Alimzaba kofi kwa ule mkono ulioungua, na ngozi yake ikabaki shavuni mwa Laban. Kisha akamruka kama mtu anayeruka mtaro, akaenda mpaka mbele ya gari, akainama pale injini ilipo, akaongea na kile kilichokuwa humo jinsi anavyoongea na mwenye kibanda aliyempunja sokoni.

"Wewe uliye chini! Nani alikupa?"

Mchemko ukapungua kidogo. "Mwenyewe," ikasema.

"Mwenyewe gani? Hata shamba kwetu Vihiga haliuzwi mke asipotia sahihi, sembuse mtoto! Huyo mtoto nilimbeba mimi. Hayo mapazia ni yangu. Hivyo vioo ni cherehani yangu. Nilisimama wapi nikasema chukua? Nionyeshe! Nionyeshe nilipokubali, na usiponionyesha toka kwa mali yangu, mwizi wewe, mwizi mkubwa, wa kungoja mtu akiwa na hasira ndiyo umuibie!"

Mchemko ukakatika. Ilikuwa kana kwamba kile kitu kinafikiri. Hata Willis ng'ambo ya barabara alisema baadaye kwamba alihisi kinafikiri.

"Ni kweli," sauti ikasema mwishowe, bila kukasirika. "Kilichotolewa na mmoja ni cha mmoja."

Komeo likalegea. Mlango ukafunguka, hewa ya baridi ikatoka, baridi ya kuuma, na Marion akajitokeza akitetemeka, nguo zimeloa, analia. Analia machozi. Kageha alimkumbatia akayagusa yale machozi kwa ulimi wake kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi, akacheka, akalia.

"Lakini nilipewa," sauti ikasema. "Siondoki mikono mitupu. Huyu mwanamume ana nini kilicho chake peke yake?"

Mama Ayuma aliinua mikono yote miwili. "Mtu asijibu! Kageha, mwanangu, funga mdomo, usiji..."

Lakini Kageha alikuwa bado anawaka, na mkono ulikuwa umeanza kumuuma, na alipogeuka akamwona Laban amepiga magoti, mdomo wazi, tayari kuomba msamaha kama anavyouomba kila Ijumaa, moyo wake ukafurika jinsi wa mumewe ulivyofurika siku ile ya Tassia.

"Huo mdomo wake!" alisema. "Huo ndio wake peke yake. Chukua huo mdomo uliomtoa mtoto wangu!"

Mama Ayuma aliiangusha ngoma.

Laban alikuwa anataka kusema kitu. Midomo yake ilijongea. Kilichotoka ni mvuke, mweupe, mwembamba, kama wa mtu anayepumua asubuhi ya baridi kule Limuru. Alijishika koo. Akajaribu tena. Na kutoka chini, kwenye injini kavu, sauti ikasema lile alilotaka kulisema, na haikuwa tena ile sauti yenye adabu. Ilikuwa sauti ya Laban, na lafudhi yake, na ule mkwaruzo wake wa vumbi:

"Nisamehe, Mama Marion."

Walimpeleka mtoto hospitali, na Kageha akafungwa mkono, na Laban akapimwa koo ambalo madaktari walilikuta zima. Waliporudi Umoja Keja halikuwepo. Willis alikuwa amewaita watu wa vyuma chakavu. Walikuwa wamelikata vipande vipande, na kila kipande, hata rejeta, kilikuwa kimekwenda njia yake.

"Uliwapa?" Kageha alimwambia. "Uliwapa, Willis?"

"Laban alikuwa ananiita, Mama Marion." Willis alikuwa hawezi kumtazama mtu. "Ananiita jina, kutoka pale kwa rejeta. 'Willis, niletee maji. Willis, kuja.' Na yeye ako hospitali na nyinyi! Ungefanya nini wewe?"

Kageha alikuwa na maneno ya kumwambia, mengi, na yalikuwa yamefika kwenye meno. Aliyameza. Amekuwa akiyameza tangu hapo.

Marion ni mzima, na meno yake mapya yanaota yakiwa makubwa kuliko uso. Laban yuko gereji, na analotaka kusema huliandika. Wateja wanasema amekuwa fundi mpole. Ijumaa ikifika, mkewe ndiye husimama kwenye toba, anasema dhambi ile moja, na hataki ngoma ipigwe akimaliza. Mama Ayuma amemwambia kwamba kilichotolewa kwa hasira kinaweza kuombwa na yule aliyekitoa, kwa upole, uso kwa uso, lakini kwanza lazima ajue kilipo. Ndiyo maana ukipita Outer Ring mchana utamwona mwanamke mwenye kovu kiganjani akisimama kando ya kila gari lililochemka, ameinamisha sikio.

Kwa hiyo ombi ni hili. Ikiwa gari lako lilifungwa rejeta iliyotumika, ya shaba, yenye kiraka cha lehemu upande wa kushoto, na likichemsha unasikia mwanamume chini akikuomba msamaha, usimjibu, usimtukane, na tafadhali usiiuze. Ilete Umoja, uulize kwa Mama Marion. Hatakuuliza uliitoa wapi.